Boksi la fayawoli linaweza kusubiri

Tovuti yangu ya mitihani ya majaribio ya hisabati inakaa nyumbani, Soweto hapa Moshi, kwenye laptopu ya mtumba iliyo juu ya kabati la vyombo. Ni ThinkPad ya zamani. Kioo kimepasuka kona na kibodi haina herufi B, lakini betri bado inashika chaji, na kwa seva ya mji huu mimi naulizia betri kwanza ndipo nije kwenye prosesa. Wanafunzi wa kidato cha pili na cha nne wanaifungua kwa simu, wanashusha PDF, wanaondoka. Hakuna kujisajili, hakuna sehemu ya maoni, hakuna jina la mwanafunzi linalohifadhiwa popote. Tangu tupate Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kutokuwa na taarifa za mtu ni raha kubwa.

Mbele ya laptopu ipo ruta ya TP-Link Archer C7 niliyoiwekea OpenWrt, programu huria inayochukua nafasi ya ile ya kiwandani, na mbele ya ruta kipo kile kiboksi cha faiba cha kampuni. Hakuna kingine, na hilo ndilo linalomkera shemeji yangu wa Njiro.

Shemeji anakula mkate kwa mitandao. Nyumbani kwake Arusha ana boksi jeusi lisilo na feni, lenye matundu manne ya kebo, kadi zote za Intel, ndani yake OPNsense, programu ya fayawoli, yaani mlinzi wa mlangoni anayeamua mawasiliano yapi yapite na yapi yakataliwe. Ukifika anakuonyesha grafu kabla hajakukaribisha chai. Alipopita Moshi aliishika ruta yangu, akaigeuza kusoma maandishi ya chini, akatikisa kichwa.

"Shem, hii ni ruta ya kuangalizia mpira. Seva inataka fayawoli."

"Fayawoli imo humo humo, shem."

"Imo kama jiko lilivyomo kwenye kiberiti."

Tumeendelea kubishana WhatsApp tangu hapo. Na kwa kuwa wapo watu wanaoniuliza jambo hilohilo (kuhosti nyumbani kumeanza kunoga, sijui ni kwa sababu ya bei za dola au ubishi tu), naweka hesabu zangu hapa. Kwa tovuti ya nyumbani, swali la OpenWrt au OPNsense ni la tatu. La kwanza ni kama dunia inaweza kukufikia. La pili ni kwamba seva yako ikitekwa, itaweza kugusa nini. Watu wanaruka moja kwa moja hadi la tatu kwa sababu ndilo lenye vitu vya kununua.

Una anwani?

Fungua ukurasa wa hali wa ruta uliyopewa na kampuni ya intaneti, utafute anwani ya IP ya upande wa WAN, yaani upande unaoelekea intaneti. Kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani unayotokea. Zikifanana, una anwani ya umma. Zikitofautiana, hasa ile ya kwenye ruta ikianza na 10 au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, upo nyuma ya NAT ya kampuni. Wewe na majirani mnatoka kwa anwani moja, na mgeni akibisha hodi kwenye anwani hiyo, kampuni haijui anamtaka nani, kwa hiyo inamwacha nje.

Safu hiyo ya 100.64 ilitengwa rasmi kwa kazi hiyo mwaka 2012, na tusitegemee mambo kulegea. AFRINIC, shirika linalogawa anwani za IP barani Afrika, liliingia awamu ya mwisho ya mgao wa IPv4 Januari 2020, na tangu hapo wanaoomba wanapewa vipande vidogo tu. Anwani zote za IPv4 duniani hazifiki bilioni 4.3. Waliozipanga hawakuwa na nia mbaya, hawakujua tu kwamba siku moja runinga nayo itataka ya kwake.

Faiba yangu ni ya NAT. Niliomba anwani ya kudumu nikaambiwa ipo kwenye vifurushi vya biashara, kwa bei ambayo mshahara wa mwalimu hauna la kuijadili. Nadhani wengi mnaosoma hapa mpo hivyo. Sasa mtu aliyetoa laki kadhaa akanunua boksi la OPNsense, akaliweka nyuma ya NAT ya kampuni, ana fayawoli nzuri sana inayolinda kitu kisichofikika. Namfahamu mmoja hapa mjini aliyemaliza Jumamosi nzima akifungua na kufunga poti 443, mlango wa tovuti za HTTPS, akibadilisha kanuni moja baada ya nyingine, na hakuna pakiti hata moja ya nje iliyokuwa imefika kwake tangu asubuhi.

Njia niliyoichukua ni ya VPS, yaani kompyuta ndogo ya kukodi iliyo kwenye kituo cha data, yenye anwani ya umma. Ruta yangu inaifungulia handaki la WireGuard, njia ya siri kati ya mashine mbili, kutoka ndani kwenda nje, na kwa kuwa mwenye kuanzisha ni mimi, NAT ya kampuni haina neno. Usisahau mstari wa PersistentKeepalive = 25. Huo unatuma pakiti ndogo kila sekunde 25, ili handaki likikaa kimya NAT isidhani limekufa ikalifuta. VPS inapokea wageni kwenye poti 80 na 443, inawapitisha handakini, wanatokea kwenye ThinkPad. Cloudflare Tunnel inafanya kazi inayofanana, na tangu 2021 haitozwi; nimewafungia watu wawili watatu na wanaendelea vizuri. Mimi napenda kushika sehemu zote mwenyewe. Ni ugonjwa, siutetei.

Kwa mabano: WireGuard ni VPN, na Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilitoa tangazo la kuwataka watu na kampuni ambazo kazi zao zinahitaji VPN watoe taarifa zake, pamoja na anwani ya IP. Lisome tangazo lenyewe kabla hujajenga handaki lako.

Mahali ilipo VPS nako kuna hesabu. Ya bei chee niliipata Frankfurt. Maana yake mwanafunzi wa Majengo akifungua mtihani uliopo Soweto, mwendo wa miguu tu, ombi lake linapita chini ya bahari hadi Ujerumani, linarudi Moshi kwenye laptopu yangu, jibu linapanda tena Ujerumani, ndipo limfikie Majengo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika kwa pamoja, nchi nzima ilihangaika na intaneti, na mtihani wa mada ya vekta ukawa umekwama Ulaya. Nikahamia VPS ya Dar es Salaam. Ni ghali zaidi na memori yake ni kiduchu, lakini kupitisha PDF hakuhitaji memori.

Sasa ona mabishano yetu yalivyogeuka. Ruta yangu ya nyumbani haina poti hata moja iliyofunguliwa upande wa WAN. Zilizo wazi ni za VPS. Fayawoli inayokutana na dunia ipo Dar, ni nftables, fayawoli ya Linux, ya mistari michache kwenye Debian. Ya Soweto imepewa kazi nyingine kabisa: kuhakikisha kinachotoka handakini hakizururi nyumbani kwangu. Na kazi hiyo haipimwi kwa ukubwa wa boksi.

Ikitekwa, itagusa nini?

Kwenye mtandao wa nyumbani kuna simu ya mama watoto, anayepokea oda za ushonaji humo humo, kuna runinga, printa, vishikwambi vya watoto, na laptopu yangu ya kazi yenye alama za wanafunzi. Ukichomeka seva kwenye kiboksi cha kampuni kilivyo, inakaa chumba kimoja na hao wote. Siku mtu akipata tundu kwenye programu ya tovuti yako, hatakaa kwenye tovuti. Atageuka aangalie kuna nani mwingine.

Na tafadhali, kile kitufe cha DMZ kilichomo kwenye viboksi vingi vya kampuni hakikusaidii hapa. Kinachofanya ni kutuma kila poti isiyo na mwenyewe kwa mashine moja uliyoitaja, huku mashine hiyo ikiendelea kukaa mtandao uleule na printa yako. Umemfungulia mgeni nyumba yote, halafu hujamjengea ukuta hata mmoja.

OpenWrt inafikiri kwa kanda. Ikiwa mpya inakuja na mbili, lan (ya nyumbani) na wan (ya nje): ya lan inaruhusiwa kutoka kwenda wan, ya wan haiingii lan. Mimi nina nne, kwa sababu nimeongeza ya seva na ya handaki. Tundu la nne la kebo nimelitoa kwenye kundi la lan nikalipa VLAN yake, yaani mtandao wake uliotengwa, na anwani zake za 192.168.50, na ThinkPad imechomekwa hapo peke yake. Lan inaweza kwenda kwa seva, ili nipandishe mitihani mipya kwa SSH, njia ya kuingia kwenye mashine kwa mbali, nikiwa kitandani. Seva haiwezi kwenda lan kwa sababu yoyote. Handaki linaweza kwenda kwa seva kwenye poti 80 na 443 basi, na halijui kama kuna lan. Seva inaruhusiwa kutoka wan kuchukua masasisho ya Debian.

Kuna sehemu moja hapo inayowatoa watu jasho. Ukiunda kanda ya seva, ukurasa wa LuCI, yaani kurasa za OpenWrt za kwenye kivinjari, unakuuliza Input iwe nini, yaani seva ikiongea na ruta yenyewe ipokewe au ikataliwe. Unaweka reject, kwa usahihi kabisa, halafu unaingia kwenye seva unaandika apt update, amri ya kutafuta masasisho, nayo inakaa kimya. Unajaribu ping 8.8.8.8 inajibu. Intaneti ipo, majina hayapo, kwa sababu seva inauliza DNS, huduma ya kugeuza majina kuwa anwani, kwa ruta, na ruta umeiambia isimsikilize. Wengi wanachoka wanarudisha Input kuwa accept, mambo yanaenda, wanalala. Kumbe wameifungulia seva pia ukurasa wa kuingilia ruta, na SSH yake. Dawa ni kuiacha reject ilivyo, uende Traffic Rules uongeze kanuni moja: kutoka kanda ya seva kwenda kwa kifaa hiki, TCP na UDP, poti 53, ruhusu. Kama seva inapewa anwani kwa DHCP, ongeza na UDP 67. Umemaliza.

Mtego wa pili ni wg0, kiolesura cha WireGuard. Video nyingi za mafunzo zinakuonyesha ukiweka kwenye kanda ya lan, kwa kuwa zimetengenezewa mtu anayetaka kufikia vitu vya nyumbani akiwa safarini. Kwake ni sawa. Kwako wewe unayepokea wageni wa VPS, umechukua kompyuta ya kukodi iliyo uchi mbele ya dunia ukaipa ufunguo wa sebule. Mpe wg0 kanda yake.

Ukimaliza usiamini rangi nzuri za LuCI. Ingia kwenye seva, ujifanye mwizi. Piga ping printa. Jaribu kufungua 192.168.1.1 kwa curl. Endesha nmap, programu ya kutafuta mashine na poti zilizo wazi, kwa mtandao wa nyumbani, uone inarudi na nini. Mimi hufanya hivyo kila ninapobadilisha toleo. Na ukifuata miongozo ya zamani, kumbuka kwamba tangu toleo 22.03 la mwaka 2022 OpenWrt imeacha iptables, fayawoli ya zamani ya Linux, imehamia nftables, kwa hiyo amri nyingi zinazozunguka mitandaoni hazina pa kushika.

Haya yote OPNsense nayo inayafanya, tena kwa kurasa zilizopangwa vizuri zaidi, na hapo nampa shemeji haki yake. Kila kiolesura kipya kikizaliwa kwenye OPNsense kimefungwa mpaka ukipe kanuni. Kumbukumbu zake za pakiti zinasomeka moja kwa moja kwenye kivinjari, huku OpenWrt inakutaka uhangaike kidogo. Lakini ukuta ni uleule. Pakiti ya seva iliyokataliwa kwenda lan imekataliwa, awe ameikataa Archer au Intel.

Wanaogonga ni akina nani

Cheti cha HTTPS cha Let's Encrypt kikitolewa, jina la tovuti linaandikwa kwenye daftari za vyeti ambazo kila mtu anaweza kuzisoma, na kuna programu zinazozisoma usiku na mchana. Kwa hiyo hata kama hujamwambia mtu, watakujua siku hiyohiyo. Nilipopata cheti changu, kabla sijawatangazia wanafunzi, kumbukumbu ya nginx, programu inayowahudumia wageni wa tovuti, ilikuwa imeshajaa vitu kama hivi:

GET /wp-login.php
GET /.env
GET /xmlrpc.php
GET /.git/config

Wanatafuta WordPress isiyosasishwa, mafaili ya siri yaliyosahaulika, msimbo ulioachwa wazi. Kwangu wanapewa 404, kwa sababu tovuti yenyewe ni mafaili matupu ya HTML na PDF. Hakuna PHP, hakuna kanzidata, hakuna ukurasa wa kuingia.

Angalia sasa walikopitia. Wote wamekuja kwa poti 443, iliyo wazi kwa amri yangu mwenyewe. Hakuna fayawoli ya kuwazuia, kwa sababu anayetafuta .env na anayetafuta mtihani wa Logarithm wanafanana kabisa mpaka ombi lisomwe, na ombi limefungwa ndani ya TLS, ufumbaji wa HTTPS. Suricata, ile programu ya kunusa mashambulizi ambayo shemeji anaisifia kwenye OPNsense, ikikaa njiani inaona herufi zilizofumbwa tu.

Nilipomwandikia hivyo alijibu haraka: "Unamalizia TLS kwenye HAProxy ya OPNsense, shem. Usinifundishe kazi." HAProxy ni programu inayopokea wageni na kuwapitisha kwa seva, na hapo ndiyo ingeufungua ufumbaji. Ana haki, inawezekana, na wenye tovuti nyingi wanafanya hivyo. Ila hapo fayawoli imekuwa seva ya wavuti nyingine ya kutunza, yenye funguo za cheti, yenye masasisho yake. Kwa WordPress ya duka lenye wateja ningefikiria. Kwa PDF zangu, muda huo nautumia kusahihisha daftari.

Kwangu HAProxy ipo Dar, kwenye VPS, na haifungui TLS. Inasukuma 443 ilivyo hadi ThinkPad na kubandika mbele anwani halisi ya mgeni kwa PROXY protocol. Bila hiyo, kumbukumbu yako yote itaonyesha mgeni mmoja tu, anwani ya handaki, na siku ukitaka kumfungia msumbufu utajikuta unafungia kila mtu.

Sasa njoo kwenye kununua

Kwanza, kubaki na programu ya kiwandani. Kama ruta bado inapata masasisho na huhitaji kanda, sina ugomvi nawe. Lakini nyingi zikishauzwa zimesahauliwa. Mwaka 2018 programu hasidi ya VPNFilter iliripotiwa kuingia kwenye vifaa visivyopungua laki tano katika nchi 54, vingi vikiwa ruta za kawaida za nyumbani na za ofisi ndogo, za chapa tunazozijua wote.

OpenWrt ilianza 2004, baada ya Linksys kulazimika kutoa msimbo wa ruta yake ya WRT54G kwa sababu ya leseni ya GPL. DD-WRT ilifuata njia hiyohiyo na bado ipo, inaenda kwenye ruta nyingi, ila kwa mgawanyo wa kanda niliousimulia napata shida nayo, na matoleo yake sijui lini lini. FreshTomato ni nzuri na nyepesi, lakini ni ya ruta zenye chipu za Broadcom tu. Nimebaki na OpenWrt.

Ukienda kununua ruta ya mtumba, ya Double Road au ya mtandaoni, usiishie kwenye jina. Igeuze, chini ya namba ya modeli kuna toleo: Ver 2, Ver 5, Ver 9. Hizo ni mashine tofauti zilizovaa shati moja. TL-WR841N, zile zenye antena mbili zilizojaa kila stesheni, Ver 9 yake ina megabaiti 4 za fleshi na 32 za RAM. OpenWrt za sasa haziingii humo, na hata ya zamani ukiibana ikaingia, WireGuard haina pa kukaa. Tafuta yenye fleshi isiyopungua 16 na RAM isiyopungua 128. Archer C7 yangu ni hivyo hivyo, 16 kwa 128, na kwa laini ya Mbps 20 haitoki jasho hata ikiendesha SQM, mpanga foleni wa intaneti, juu yake, ambayo nimeiwasha ili watoto wa darasa zima wakishusha mtihani jioni, simu za oda za mama watoto zisikatekate. Hiyo peke yake ilinunua amani nyumbani.

Na kabla hujabadilisha programu dhibiti, jifunze kwanza kuifufua. Archer C7 ikigoma kuwaka unaipa kompyuta yako anwani 192.168.0.66, unaweka faili la uokoaji kwenye seva ya TFTP kwa jina lilelile lililoandikwa kwenye ukurasa wa OpenWrt wa toleo lako, unabonyeza kitufe cha reset huku unawasha. Ruta yenyewe inakuja kulichukua. Jaribu siku yenye umeme.

Umeme. Hapa ndipo mimi na shemeji tunapoachana kabisa, maana wa Njiro ana inveta na betri za sola.

OpenWrt kwenye ruta kama yangu inakaa juu ya squashfs, mfumo wa mafaili usioandikwa, na mabadiliko yako yanakaa pembeni kwenye tabaka lake. Umeme ukikatika ghafla, ukarudi, ukakatika tena kabla taa hazijatulia, inaamka vilevile. OPNsense na pfSense, ndugu yake, zinatembea juu ya mfumo endeshi wa FreeBSD kwenye diski ya kawaida. Zikiwekwa kwa mfumo wa mafaili wa UFS, kukatwa ghafla kunaweza kuacha mafaili yameharibika na boksi linaamka likikusubiri uliwekee kioo na kibodi. Ukiamua kuziweka, chagua ZFS wakati wa kusakinisha, inavumilia zaidi, na ndani ya BIOS weka ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. Usiache hilo la pili, utakuja kulikumbuka ukiwa darasani.

Archer na kiboksi cha faiba vyote vinakula volti 12, kwa hiyo UPS ndogo ya DC, zile bapa zenye betri ya lithiamu, inavibeba vyote viwili masaa kadhaa. ThinkPad ina betri yake. Nyumba ikiwa giza, tovuti ipo. Desktopu ya mtumba iliyogeuzwa fayawoli inataka UPS ya volti 220, na betri za UPS hizo, wenye ofisi mnazijua.

Halafu LUKU, umeme wa kulipia kabla. Chukua desktopu ya wati 50, ambazo ni za kawaida kwa mashine ya zamani isiyofanya lolote. Kwa siku ni uniti 1.2, kwa mwezi uniti 36. Kwa tarifu ya kawaida ya T1, uniti moja ni karibu shilingi 356 ukiweka kodi na tozo, kwa hiyo unalipa kama 12,800 kila mwezi kwa fayawoli tu. Ruta ya wati 8 inakula chini ya uniti 6. Kama nyumba yako bado ipo D1, ile ya uniti 75 kwa mwezi kwa shilingi 122, hesabu ni chungu zaidi: anayetumia uniti 60 analipa 7,320, akiongeza 36 anafika 96, na akizidi hivyo mwezi hadi mwezi akahamishiwa T1, atalipa zaidi ya 34,000. Fayawoli ya bure imeshapita bei ya VPS.

Boksi la shemeji halina dhambi hiyo, nikiri. Yale ya prosesa ndogo yasiyo na feni yanakula kidogo, na kutokuwa na feni kunafaa kwa vumbi letu la kiangazi. Kwake lina maana kwa kila upande. Ana laini mbili, faiba na 4G, na OPNsense inahamisha mzigo moja ikilala. Ana kamera nane za kuzitenga. Laini yake ni ya kasi ambayo Archer yangu ingesalimu amri mbele ya WireGuard. Na anapenda grafu. Ukiwa na mambo hayo, hata mawili, nunua. Hakikisha kadi za mtandao ni Intel, kwa sababu FreeBSD na Realtek hawajawahi kupendana, na RAM isipungue giga 4 kama unataka Suricata. Kati ya OPNsense na pfSense mimi ningechukua OPNsense, iliyojitenga kutoka pfSense Januari 2015 na inatoa toleo kubwa mara mbili kwa mwaka, kwa ratiba unayoweza kuipangia likizo. Wa pfSense mtanisamehe.

Shemeji anakuja Desemba kuhesabiwa, kama Wachaga wote, na ameahidi kuniletea boksi lake la zamani la matundu manne. Nimemwambia alete na adapta yake ya asili. Nitalipima kwanza kwenye kipima wati, saa ishirini na nne, halijachomekwa kebo yoyote ya mtandao. Likivuka wati 12, linarudi Njiro naye.